Kura Iliyolala Ugenini

Tangazo lilikuwa na makosa mawili ya herufi, na Spika aliyasahihisha kwa sauti kabla hajatambua kwamba alikuwa akisoma habari za kufukuzwa kwake mwenyewe.

Lilibandikwa ukutani juu ya bomba la maji, mahali ambapo kila mkazi wa kota za kiwanda cha matofali hufika walau mara mbili kwa siku. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo, wanaume watatu wanne wamesimama na miswaki mdomoni, na kama ilivyokuwa miaka yote, walimngoja yeye. Spika alikuwa mchomaji wa tanuri. Nyusi zake ziliungua zamani na hazikuota tena. Lakini alisoma shule ya jioni miaka sita akiwa mtu mzima, na pale kota hakuna karatasi iliyopita bila kupitia machoni pake. Alisoma barua za ukoo, vyeti vya hospitali, hata maelezo ya sumu ya panya. Akimaliza hukohoa kidogo na kusema, "Sasa, maana yake ni hii." Ndipo watu wakampa jina la Spika, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli, naye akalipokea lote kama heshima.

Asubuhi ile alisoma mpaka mwisho. Kiwanda kimeuzwa. Mmiliki mpya anautaka uwanja wake. Vyumba vyote thelathini vitabomolewa baada ya siku kumi na nne, kwa kuwa waliomo ni wavamizi.

"Mvamizi nani?" aliuliza Fundi Vigae wa chumba cha kumi na nane, jirani yake wa ukuta mmoja na mwenzake wa drafti. "Mimi nimevamia mwaka gani?"

"Labda mwaka uliozaliwa," alisema mmoja wa wanawake, na watu wakacheka, maana walikuwa bado hawajaamini.

Spika akakohoa. "Sasa," akasema, "maana yake..." Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ikajaa, ikafurika, na hakuna aliyeiondoa.

 

Siku ya tatu alikuja msichana kutoka ofisi ya msaada wa sheria. Alieleza mara mbili kwamba yeye si wakili. Kazi yake ni utafiti: kutafuta sheria, kutafuta karatasi za kuithibitisha, kisha kumkabidhi wakili akasimame mahakamani. Watu walimsikiliza kwa makini, wakakubali, kisha wakamwita Wakili Mdogo.

Alifikia chumba namba kumi na saba, kwa Spika, maana huko ndiko mambo ya karatasi yalikopelekwa. Akavua viatu vyenye tope, akaamkia, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa ubao. Nyuma ya shuka lililotundikwa kama pazia, binti wa Spika alikuwa akimnyonyesha mtoto wa siku ishirini. Mumewe alimrudisha kwao ajifungue, na tangu hapo simu yake ikawa haipatikani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nusu ya paa la chumba kile ilikuwa bati jipya linalong'aa, nusu nyingine kutu tupu, na sufuria lilikuwa limetegwa kitandani, upande wa kutu.

"Mbona mmeezeka nusu?" aliuliza msichana, kwa kutaka tu kuanzisha mazungumzo.

"Nusu ya pili ilikuwa na kichwa kigumu," alisema Spika.

Mkewe alikuwa akikunja nepi. Hakuinua macho. "Nusu ya pili ilikuwa na akili zake," alisema.

Msichana akatabasamu bila kuelewa, akafungua faili lake. Alisema amepata kitu. Ipo sheria ya kazi inayosema mfanyakazi aliyepewa makazi na mwajiri hatolewi ndani mpaka alipwe mafao yake yote, hata kama kiwanda kimeuzwa. Nao, toka kiwanda kifungwe mwaka uliopita, hawajalipwa hata ndururu. Lakini kampuni inadai kwamba hawa walikuwa vibarua wa kutwa, wakitoka makwao asubuhi na kurudi jioni, na kwamba waliingia kota kwa mlango wa nyuma baada ya kiwanda kufungwa. Vitabu vya kiwanda vimeungua, kwa bahati mbaya. Mshahara ulikuwa ukilipwa mkononi. Kwa hiyo inatakiwa karatasi ya serikali, ya kabla ya kiwanda kufungwa, inayoonyesha kila mmoja alikuwa akilala wapi.

"Na karatasi hiyo ipo," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya msichana mdogo. "Daftari la wapiga kura. Humo mtu anaandikwa na makazi yake, mpaka namba ya chumba. Mlijiandikisha uchaguzi uliopita?"

Watu waliokuwa wamesongamana mlangoni wakaitikia kwa pamoja. Fundi Vigae ndiye aliyejibu kwa niaba yao. "Wote, mwanangu. Hakubaki mtu. Spika alitujazia fomu kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko kama wa mashine."

Macho yote yakamgeukia Spika kwa shukrani. Aliuona wazi ule mstari wa fomu ulioandikwa *Makazi*, na alichokijaza hapo, mara sitini na mbili.

"Ndiyo," akasema. "Tumeandikwa."

Alijiambia kwamba huo haukuwa uongo. Msichana akaondoka mbio kwenda kuomba kibali cha kunakili daftari, na kota nzima siku hiyo ikapumua.

 

Mkewe alingoja mpaka mlango ulipofungwa. "Utamwambia lini?"

"Nitarekebisha kwanza."

"Daftari la serikali utalirekebisha kwa kutumia nini? Kwa rula yako ya kupigia mistari?"

Mkewe alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka mitatu nyuma, mgombea wa udiwani wa Kata ya Juu, shemeji wa meneja wa kiwanda, alikuja kota na lori la mabati. Bati moja kwa kila atakayehamishia uandikishaji wake katani kwake. Watu walisita. Aliyewatoa wasiwasi ni Spika, palepale bombani. Aliwaeleza kwamba huku kwetu mgombea yuko peke yake, kumpigia kura ni kutia maji kwenye mtungi uliojaa. Kule wagombea wawili wanakabana koo, na kura zetu ndizo zitakazoamua. Naye ameahidi, akishinda, kota hizi zitakuwa mali yetu. "Sasa, maana yake ni hii," alisema. "Kura moja ya huku, ikienda kule, ni kura kumi." Ilikuwa hesabu nzuri. Aliipenda kuliko alivyoyapenda mabati.

Fomu alizijaza mwenyewe, siku mbili mfululizo, kwa kalamu ya wino. Kwenye makazi, wakala wa mgombea alimwambia aandike ghala la nafaka la Kata ya Juu, ni utaratibu tu, hakuna anayesoma. Kila mtu aliweka sahihi au kidole. Ni mkewe peke yake aliyekataa. Alisema analala hapa, anafua hapa, na mgongo umemharibikia hapa akigeuza matofali kwenye banda la kukaushia. "Kura yangu itakwendaje kulala ugenini?" Spika aliona haya mbele ya watu, akamwambia wakala kwamba mama ni mgonjwa. Ndiyo maana nyumba nyingine zilipata bati mbili, yake ikapata moja.

Mgombea alishinda kwa kura arobaini. Na mwezi uliopita ni yeye aliyeonekana akimtembeza mnunuzi uwanjani, amemshikia mwavuli.

 

Spika alivaa koti lake la harusi za watu na kwenda ofisi ya uandikishaji na barua aliyoiandika mara tatu, yenye kichwa kilichopigiwa mstari: *Ombi la Kurekebisha Makazi*. Aliambiwa njoo kesho. Alipokwenda kesho yake akaambiwa mwenye kuhusika yuko semina. Siku ya nane ya tangazo alimpata karani, kijana wa rika la binti yake, aliyeisoma barua huku akiwa na simu sikioni.

"Mwandiko mzuri, babu," alisema. "Ungekuwa karani wewe."

Spika alimshukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Karani alimweleza kwamba daftari limefungwa. Litafunguliwa msimu wa uandikishaji, mwakani. Halafu, kwa udadisi tu, akauliza sababu ya mabadiliko. Amehama?

"Sijahama. Sijawahi kuhama."

"Sasa kule Kata ya Juu ulifikaje?"

Nyuma yake mtu alivuta kiti. Alikuwa yule msichana wa sheria, ameketi kwenye meza ya pembeni, kibali chake kimetoka asubuhi hiyo. Mbele yake lilikuwa bunda la fomu. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo masafa marefu, akafika na kukuta kwamba nyumba siyo.

"Baba," alisema, "mwandiko wa fomu hizi zote ni mmoja."

Spika akatazama viatu vyake.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilitaka nirekebishe kwanza. Nikuletee jambo likiwa limenyooka."

Msichana akafunga kalamu yake polepole. Alimwambia kwamba kama Spika angalisema mapema, yeye siku hizo tano angalizitumia kutafuta kitu kingine: kadi za kliniki za watoto, rejista ya shule, risiti ya maji, chochote. Alimwambia pia kwamba zimebaki siku sita, na mbili kati yake ofisi zimefungwa. Jina moja tu amelipata pale panapotakiwa, kwenye kata ya kota, chumba namba kumi na saba. Jina la mama.

"Nenda ukawaambie wewe," alisema mwishoni. "Nikiwaambia mimi watajua umeficha. Ukiwaambia wewe, watajua umekosea."

 

Aliwaambia bombani, jua likiwa bado juu. Hakukohoa, wala hakutafuta maneno mazuri. Aliposema ghala la nafaka, Fundi Vigae aliweka ndoo chini.

"Kwa hiyo mimi, kwa karatasi, naishi na mahindi."

"Ndiyo."

"Mimi na mke wangu."

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Nilikuuliza siku ile. Nilikuwekea kidole hapa, nikakuuliza hapa pameandikwa nini. Ukaniambia, weka dole, mambo ya kawaida." Alisema bila kupaza sauti, kama anayejikumbusha mahali alipoweka kitu. "Sikujua kusoma, Spika. Nilikujua wewe."

Laiti wangalimtukana. Walijaza ndoo zao wakaondoka, mmoja mmoja, na aliyekuwa nyuma kabisa akafunga bomba kwa nguvu, wakati zamu ya Spika ilikuwa haijafika. Baadaye kidogo binti wa Fundi Vigae alikuja kubisha hodi chumba cha kumi na saba. Alisema baba amemtuma achukue ubao wake wa drafti. Mke wa Spika akautoa chini ya kitanda, akahesabu kete zote, moja ikakosekana, wakaitafuta pamoja mpaka ikaonekana.

Msichana wa sheria hakukata tamaa. Alihangaika siku zote za kazi zilizobaki kabla ya mahakama. Kadi za kliniki zilikuwa na jina la mtaa tu. Mwalimu mkuu aliahidi barua, kisha akapigiwa simu na mtu, akasema muhuri umepotea. Kwa hiyo walikwenda mahakamani na walichokuwa nacho: ushahidi wa mdomo, na mdomo waliouchagua ulikuwa wa Spika, maana hakuna mwingine aliyeweza kueleza zile fomu.

 

Wakili wa kampuni alikuwa mtu mpole. Alimwita Spika mzee wangu. Alimpa fomu yake aishike, akamwomba aisome kwa sauti, kwa kuwa amesikia mzee ni msomaji mzuri. Spika akasoma. Jina lake, kazi yake, makazi yake. Wakili akataka kujua ghala hilo lina vyumba vingapi, hata likawatosha watu sitini na wawili. Watu wakacheka kwenye mabenchi ya nyuma. Spika alitambua kicheko cha mtu wa kota.

"Chini ya sahihi yako pameandikwa nini, mzee wangu?"

"Pameandikwa, *Naapa kwamba maelezo haya ni ya kweli*."

"Na leo umeapa hapa kwamba unaishi kota. Basi tusaidie. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Miaka thelathini Spika alikuwa akisoma moto kwa rangi yake, akijua kwa kutazama tu kama tofali limeiva au litapasuka. Aliwatazama watu wake. Mkewe alikuwa ameketi wima, mkoba magotini. Fundi Vigae alikuwa akitazama dari.

"Siku ile," akasema.

Hakimu akamkumbusha kwamba kuapa uongo kwenye fomu ya serikali ni kosa, akasema ataliacha lipite kwa ajili ya umri wake. Hilo la umri lilimuuma kuliko lile la kosa. Kisha hakimu akasoma amri. Sheria aliyoileta mtafiti ni sahihi, na mahakama inaiheshimu. Ila ushahidi wa makazi upo kwa mlalamikaji mmoja tu, mgeuza matofali wa chumba namba kumi na saba. Chumba hicho kisiguswe mpaka shauri lisikilizwe. Kwa waliobaki, ombi la zuio limekataliwa.

Nje, kwenye ngazi, watu walipita wakimpa mkono mkewe. Walimpa kwa heshima, kama anavyopewa mfiwa.

 

Tingatinga lilifika siku ya kumi na tano, saa mbili asubuhi. Lilianza chumba cha kwanza na kufuata mstari, kwa utaratibu, kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Mabati yale mapya yalikunjwa yakatupwa kwenye lori. Lilipofika cha kumi na sita likasimama. Mke wa Spika alikuwa mlangoni, amenyoosha amri ya mahakama kwa mikono miwili, na nyuma yake binti yake na mtoto. Msimamizi akaisoma, akampigia simu mtu, akamwonyesha dereva kwa kidole azunguke. Chumba cha kumi na nane kikaenda chini. Ukuta wa pamoja ukabaki, na upande wake wa nje sasa ulikuwa ule uliokuwa ndani kwa Fundi Vigae: rangi ya buluu, misumari mitatu, na doa jeupe pale kioo kilipokuwa kikining'inia.

Saa sita kota ilikuwa uwanja, na katikati ya uwanja chumba kimoja chenye nusu ya paa mpya. Watu walikaa juu ya magodoro yao kwenye tope. Mawingu yalikuwa yakijikusanya. Mke wa Spika alitoka, akazunguka kundi hadi kundi, akiwanyanyua wanawake wenye watoto na kizee mmoja asiyeweza kutembea. Wengine walikataa kwanza. Aliwaambia kwamba chumba kina jina lake, na anayeingia anaamua yeye. Wakaingia mpaka mlango ukawa haufungiki.

Spika alikuja na godoro la watu mgongoni. Mkewe alilipokea, akalipitisha ndani juu ya vichwa, kisha akasimama palepale mlangoni.

"Na mimi?" aliuliza Spika.

"Wewe ulihama," alisema mkewe. Hakusema kwa ukali. Alimpa khanga yake ajifunike kichwa, na akarudi kwa watoto.

Spika akaenda kukaa chini ya ule ukuta wa buluu. Baada ya muda Fundi Vigae naye akaja, kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine. Hakumwamkia. Aliweka ubao wa drafti kati yao bila kuufungua, akaegemea ukuta wake.

Matone ya kwanza yalipoanguka, msimamizi alirudi na karatasi mpya, akampa aliyekuwa karibu, akapanda gari. Aliyekuwa karibu ni Fundi Vigae. Akaigeuza juu chini, chini juu. Watu wachache wakasogea. Hakuna aliyemtazama Spika, na Spika hakunyoosha mkono.

Fundi Vigae akaitazama karatasi ile mpaka mvua ikaanza kuilowesha. Ndipo akaisukuma kando ya ubao wa drafti.

"Soma," alisema. "Usome tu. Maana yake tuachie wenyewe."

Spika akaichukua. Mizigo yote iliyo uwanjani iwe imeondolewa kabla ya kesho saa nne. Itakayobaki itachomwa. Mpangaji wa chumba namba kumi na saba haruhusiwi kuweka wageni. Alisoma taratibu, neno kwa neno, kama lilivyoandikwa, makosa na yote, na alipofika mwisho akamrudishia Fundi Vigae.